Mkate wa Natalia

Marehemu wote wa Bashay walikuwa wapole. Najua, kwa sababu wengi wao nimewaandika mimi. Wote walikuwa wacheshi, wote walipenda watu, wote waliugua kwa uvumilivu. Hata yule mzee aliyewahi kumfungulia katekista mbwa, kwenye karatasi yangu alikuwa "mtu wa msimamo".

Ninaitwa Brightness. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa kuwa ajira bado, ninachapa kwenye duka la steshenari mjini Mbulu. Watu wakifiwa huniletea majina na tarehe, nami ninaandika ile historia fupi ya marehemu inayosomwa kabla ya kwenda makaburini. Mara nyingi naisoma mwenyewe, maana wenye msiba huishia aya ya pili wakilia. Naandika vizuri, na sioni aibu kusema hivyo. Siandiki "kipenzi cha wengi". Siandiki "ameacha pengo lisilozibika". Kiswahili ni kipana. Sioni kwa nini mtu azikwe kwa maneno yaliyokwisha kuzika wengine mia.

Mwezi wa sita mwaka huu Bibi Natalia aliniita nyumbani kwake. Tunaishi mtelemko mmoja hapa kijijini Bashay, shamba lake la mahindi likiwa juu ya letu. Alikuwa mwenyekiti wa WAWATA, yaani wanawake Wakatoliki wa parokia yetu, kwa miaka ishirini, na watoto wote wa upande huu alitufundisha yeye kufanya ishara ya msalaba. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, amejifunika blanketi mbili, anaota jua dogo la asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na kalamu?"

"Nimekuja na simu. Naandika humu humu."

"Humo hapana. Humo mnafuta. Ingia ndani, iko kalamu ya Felician juu ya kabati."

Nikaichukua, nikatoa daftari, nikauliza aliyefariki ni nani.

"Mimi," akasema. Kisha akaona uso wangu. "Bado, mjukuu wangu, usilie. Daktari amesema moyo umechoka. Nataka nisikie utakachonisomea. Nyie mnamsomea kila mtu msibani isipokuwa mwenyewe."

Nilicheka, naye akacheka, tukaanza kama ninavyoanza siku zote.

"Jina kamili?"

Akaangalia ng'ombe wake wawili waliofungwa kwenye mtelemko wa kilima.

"Hapo ndipo penye shida," akasema.

Nitaeleza alichonieleza kwa mpangilio wake mwenyewe.

Walikuwa wasichana wawili. Mkubwa aliitwa Tluway, yaani mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Mdogo, huyu bibi, aliitwa Lohay, maana mama yao alimzalia njiani akitoka kuteka maji. Tluway aliishi kwa shangazi yao karibu na misheni, na kwa miaka miwili alikuwa akifundishwa dini. Siku ya ubatizo ilikwisha kupangwa, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na mbili, na jina alikwisha kupewa: Natalia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Lohay alikuwa na miaka tisa, hajui hata kupiga ishara ya msalaba.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mtoto wa shangazi alikufa akiwa bado ananyonya. Kwa Wairaqw wa wakati ule, kifo cha namna hiyo kilifunga nyumba nzima. Metimani, ndivyo walivyokuita kutengwa huko. Waliomo ndani hawaingii kwa mtu, hawateki maji pamoja na wengine, hawapiti njia ya mifugo, mpaka miezi itimie. Tluway alikuwa ndani.

"Mama akanituma misheni," bibi alisema. "Nikamwambie Padri kwamba Tluway haji. Basi. Kazi yangu ilikuwa maneno mawili."

"Ukayasema?"

"Padri alikuwa mzungu mgeni, ana wiki mbili tu. Katekista anayewajua watoto alikuwa anaumwa. Nikakuta wasichana wamepangwa mstari, wamevaa magauni meupe, na nyuma yao kuna meza. Juu ya meza kuna mikate. Ya ngano, Brightness. Unajua mimi nilikuwa sijawahi kula mkate? Nilikuwa nausikia tu, kama nyie mnavyosikia Ulaya. Padri akasoma, 'Natalia, Bashay.' Nikasimama nimwambie. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja akanivalisha gauni."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilikuwa naangalia mkate."

Akabatizwa. Kila alipoulizwa jambo alijibu ndiyo, kwa kuwa wenzake walijibu ndiyo. Akapewa mkate na chai ya sukari. Nusu akaila pale pale. Nusu akaifunga kwenye gauni, akakimbia hadi nyumbani kwa shangazi, akasimama ng'ambo ya mfereji, maana kuvuka haikuruhusiwa. Akamwita dada yake.

"Nikamwambia, Tluway, nimekuchukulia ubatizo wako. Kama mtu anavyomchukulia mwenzake dawa. Mimi niliamini kabisa kwamba inawezekana. Akaniuliza, umejibu maswali yote? Nikasema, yote. Akaniuliza, wameniita nani? Nikasema, Natalia. Akacheka! Akarudia jina mara nyingi. Nikaweka mkate juu ya jiwe, nikarudi nyuma, akaja akauchukua. Vitu viliruhusiwa kuingia, havikuruhusiwa kutoka."

Katekista alipopona alimwangalia Lohay, akaangalia kitabu, akamwangalia Padri aliyekwisha kuandika kwa wino, akanyamaza. Lakini Tluway hakunyamaza. Kila jioni alikuja mferejini akamfundisha mdogo wake ng'ambo hadi ng'ambo yale aliyofundishwa kwa miaka miwili. Sala, amri, sakramenti. "Usije ukaniaibisha," ndivyo alivyomwambia. Miezi mitatu. Halafu surua ikaingia katika nyumba ile, naye akafa kabla haijafunguliwa. Alizikwa bila msalaba, kwa kuwa kwa watu wote hakuwa Mkristo.

Bibi akanigeukia. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Ubatizo ule ulifika kwake, au ulibaki kwangu? Maana jina ni lake na maji yalinilowesha mimi. Kama yako mbinguni majina yaliyoandikwa, Natalia ni mmoja. Mimi nimekula komunyo miaka sabini kwa jina la mtu. Nikifika mlangoni wakaita Natalia, tukasimama wawili, itakuwaje?"

Niliandika swali lake, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Nimesoma dini shuleni, nimepata kipaimara, naimba kwaya. Nikamshauri amuulize Padri.

Siku iliyofuata, kwa kuwa kazi yangu ni kumbukumbu, niliomba kuangalia vitabu vya zamani vya ubatizo. Mstari ulikuwepo. Natalia, Bashay, miaka kumi na mitatu. Nikaangalia cheti cha ndoa cha bibi, kadi ya mpigakura, kadi ya bima. Zote zinasema amezaliwa mwaka thelathini na tisa. Nilipompelekea habari hiyo alihesabu kwa vidole.

"Basi mimi nina themanini na miwili tu," akasema. "Ile minne ya juu ni ya dada."

Aliona hilo ni jambo la kuchekesha. Mimi niliiandika hesabu hiyo pembeni mwa daftari.

*

Padri Maximilian alikuja Alhamisi kwa pikipiki, amevaa jaketi zito juu ya kanzu. Ni kijana, na ana kawaida ya kuketi chini mtu anapozungumza naye. Nilitaka kuondoka, nikidhani ni kitubio.

"Kaa," bibi akaniambia. "Dhambi nimekwisha kuungama kanisani. Haya ni maswali. Andika."

Akamsimulia yote. Padri alisikiliza bila kugusa chai yake.

"Kwanza dada," akasema. "Alitaka kubatizwa?"

"Miaka miwili alitembea kwa miguu kwenda kufundishwa."

"Akazuiwa na jambo ambalo si kosa lake. Bibi, Kanisa lina jina la hilo. Ubatizo wa tamaa. Mtu akitaka kwa moyo wote na njia ikafungwa, tunaamini Mungu hakufungiwa mfereji. Dada yako hakungoja mtu amchukulie."

Bibi alishusha pumzi ndefu. Halafu, kama ninavyomjua, hakuridhika.

"Kwa hiyo sikumsaidia kitu."

"Ulimpelekea mkate na jina."

"Lakini, Padri, nyie mnafundisha kwamba Yesu alisimama mahali petu. Mmoja kwa ajili ya wengine. Hiyo ndiyo dini yenyewe. Kwa nini mimi nisisimame mahali pa dada?"

"Yeye alisimama penye kifo," Padri akasema. "Wewe ulisimama penye mkate."

Bibi alicheka hadi akakohoa, nikamletea maji. Padri naye alicheka, kisha akawa mtulivu.

"Sasa wewe. Siku ile ulitaka ubatizo?"

"Nilitaka mkate. Si nimekwisha kusema?"

"Hakuna aliyekuwa amekueleza chochote?"

"Hakuna. Nilianza kuelezwa jioni ile ile, mferejini."

Padri akasema hapo hana uhakika. Mtu mwenye akili za kuchagua anatakiwa kutaka. Mtoto wa miaka tisa aliyetaka mkate, labda ndani ya ndiyo zake ilikuwemo moja ya kweli, labda haikuwemo. Akasema kuna njia kwa mambo kama hayo: anaweza kumbatiza kwa sharti, kwa kutanguliza neno kama. Kama hujabatizwa, nakubatiza.

"Kama?" bibi akashangaa. "Mungu hajui?"

"Mungu anajua. Sisi ndio hatujui."

Bibi alilikunja blanketi polepole. Nilidhani amechoka.

"Na jambo jingine," akasema. "Huko, dada bado ana miaka kumi na mitatu? Maana mimi nitafika mzee. Nani atamwamkia mwenzake shikamoo?"

"Hilo, bibi, seminari hawakunifundisha."

"Jitahidi."

Padri alijikuna kichwa. "Ni kama mbegu. Unachofukia si kile kinachotokeza. Hatutafufuka na miaka yetu kama mizigo."

"Sawa, sitaota punje, nitaota mmea. Lakini nikipanda mahindi hayaoti maharage. Yeye atakuwa mkubwa wangu tu. Mimi ndiye nitakayeamkia." Akatikisa kichwa, ameridhika na jibu lake mwenyewe. "Njoo na lile kama lako, Padri. Ila jina la Natalia nalirudisha kwa mwenyewe. Nibatize Lohay."

"Jina la nyumbani si dhambi," Padri akasema. "Nitauliza wakubwa wangu, nitarudi."

*

Mwalimu Felician, mtoto wa kwanza wa bibi, ni mstaafu na mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Alinifundisha darasa la tano. Alinisubiri dukani kwetu mjini, mikono nyuma, kana kwamba nimechelewa kipindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nasikia mama anakuandikisha hadithi."

"Historia yake, mwalimu."

"Mama ni mzee. Anachanganya."

"Hachanganyi, mwalimu. Kitabu cha ubatizo ndicho kilichochanganya. Mtoto wa miaka tisa ameandikwa kumi na mitatu."

Alivuta kiti, akaketi, na sauti ikashuka. "Brightness, mwanangu. Mama alikuwa mwenyekiti wa WAWATA miaka ishirini. Unataka watu wasikie kwamba alikuwa akipokea komunyo huku hajabatizwa? Na ndoa yake na baba? Na sisi tuliozaliwa humo tuitweje?"

"Padri amesema nyie mlibatizwa wenyewe."

"Padri atahamishwa mwakani. Mimi nitabaki hapa na majirani." Akasimama. "Andika kama unavyowaandikia wengine. Alizaliwa thelathini na tisa, alibatizwa hamsini na mbili, mcha Mungu, mpenda watu. Kuna uongo gani hapo?"

Nilimwambia kwamba mcha Mungu ni kweli, ila vile viwili vya mwanzo vyote ni uongo. Aliondoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye Padri alirudi. Hakuja mtu wa halmashauri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, tukafanyia sebuleni, bibi akiwa kwenye kitanda kilicholetwa karibu na dirisha.

"Msimamizi wake ni nani?" Padri akauliza.

Bibi akaninyooshea kidole.

"Bibi, mimi nina miaka ishirini na sita!"

"Umepata kipaimara?"

"Nimepata."

"Basi unatosha."

Padri alinieleza kazi yangu. Msimamizi hushuhudia, na humsaidia mbatizwa aishi kweli ya ubatizo wake. Akaniuliza kama nipo tayari, nikasema ndiyo, na ndiyo ile nilikuwa najua ninachokijibu. Akamwaga maji. Kama hujabatizwa, Lohay, mimi nakubatiza. Bibi alifumba macho. Maji yakapita kwenye mikunjo ya paji la uso, yakaingia sikioni, naye hakuyapangusa.

Alipofumbua macho aliniangalia mimi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Padri alilazimika kutoka nje akacheke.

Bibi alikuwa ameagiza mkate wa dukani. Aliukata mara mbili kwa mkono. Nusu tukala watatu. Nusu akanipa, akaniambia niuweke juu ya jiwe ng'ambo ya mfereji. Nyumba ya shangazi haipo tena, pamebaki majani na jiwe lenyewe, na mfereji ni mkavu nusu ya mwaka. Niliuweka. Niliporudi kesho yake ulikuwa haupo. Sijaandika popote kwamba ulichukuliwa na nani. Mbwa wa Bashay ni wengi.

Kisha akanipa maagizo ya mwisho, nami nikamsomea nilivyoandika, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyotaka tangu siku ya kwanza. Alisahihisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba aliona njaa. "Si njaa," akasema. "Nilikuwa nimekula. Ilikuwa tamaa. Andika tamaa." Nikafuta, nikaandika.

"Utasoma hivyo hivyo?"

"Nitasoma hivyo hivyo."

"Mbele ya Felician?"

"Mbele ya Felician."

Alifariki siku kumi na moja baadaye, asubuhi, akiwa anangoja uji upoe.

*

Walikuja watu wengi, kutoka Mbulu, Dongobesh, hata Basotu alikoolewa mtoto wake wa pili. Mwalimu Felician alinipa karatasi iliyochapwa. Sikumwahidi kitu. Niliikunja, nikaiweka mfukoni, nikafungua daftari langu.

Nilisoma kwamba marehemu alizaliwa njiani, mwaka arobaini na tatu, akaitwa Lohay. Kwamba alikuwa na dada aliyeitwa Tluway, aliyejiandaa kwa miaka miwili kuitwa Natalia, akafa bila maji na bila msalaba. Kwamba siku ya ubatizo marehemu alisimama mahali pa dada yake kwa tamaa ya mkate, akaishi miaka sabini na mitatu kwa jina hilo, na kila sala aliyotufundisha alifundishwa na dada huyo ng'ambo ya mfereji. Kwamba alibatizwa kwa jina lake mwezi huu huu. Kwamba anamrudishia dada jina lake na miaka yake minne, na anaomba wote tunaoamini uzima wa milele tumwombee Natalia kwa jina, kwa kuwa haijawahi kufanyika hata siku moja.

Hapo nikawa nimemaliza. Felician alikuwa amekwisha kushika waya wa spika, lakini akina mama wa WAWATA walikuwa wameanza, mmoja mmoja, kisha wote: raha ya milele umpe, ee Bwana. Walitaja Natalia. Mara tatu walimtaja, na wengine walikuwa wanatazamana kwa mshangao huku wanaitikia. Felician aliachia waya. Hakuitikia.

Msalaba ulikwisha kuchongwa. Unasema Natalia, 1939.

Jumapili iliyopita niliitwa kwenye jumuiya yetu ndogo. Mzee Onesphory, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa na karatasi mkononi, Mwalimu Felician ameketi pembeni yake akiangalia ukuta.

"Binti," Mzee Onesphory akasema kwa upole, "umemvua mama wa watu nguo mbele ya umati. Familia imeumia. Hatutaki makubwa. Usome hii, watu wasameheane, tuendelee na sala."

Niliisoma kimya. Ilisema kwamba mimi, nikiwa na akili timamu, naomba radhi kwa kusoma habari zisizo na uhakika kuhusu marehemu, ambaye alikuwa kipenzi cha wengi.

Nilimwangalia Mwalimu Felician. Macho yake yalikuwa mekundu, naye ni mtu aliyefiwa na mama yake, na hilo nalijua. Nilimpa pole ya msiba. Nilimwambia kwamba kwa kitabu cha Kanisa, Lohay ni binti yangu wa ubatizo, na nilisema ndiyo mbele ya Padri nikijua ninachojibu.

"Kwa hiyo?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu mazishi.

Nikakunja karatasi yao, nikairudisha mezani.

"Kwa hiyo siombi radhi, mwalimu. Wala leo, wala Jumapili ijayo."